Rena Dombek na Neno "Kufika"

"Mama mdogo, siku ile mama alikuwepo mahakamani, au hakuwepo?"

Hattie alikuwa na miaka tisa alipouliza hivyo. Alikuwa amekaa juu ya kaunta ya jikoni, miguu ikining'inia, akisubiri pierogi, vifurushi vya unga vyenye viazi ndani, zigeuke rangi kwenye kikaango. Rena Dombek, aliyeulizwa, alibaki na mwiko hewani. Pierogi zikaanza kuungua upande mmoja.

"Sijui," akasema mwishowe.

Sebuleni, dada yake, Jolene, ambaye ndiye mama yake Hattie, akaangua kicheko kisicho na furaha. "Mwaka wa pili huu anasoma sheria kila jioni, hajui! Haya, ukimpelekea fundi kiatu chako akuambie hajui kiatu ni nini, utamwachia?"

"Dada, nimesema sijui bado."

"Hiyo 'bado' hukuisema."

Kweli hakuisema. Rena akageuza pierogi, akamwekea Hattie zile zisizoungua, na usiku huohuo akajua makala aliyotakiwa kuiandika chuoni itahusu nini.

Swali la Hattie halikudondoka tu kutoka mbinguni. Majira ya baridi yaliyotangulia, mwenye nyumba wa Jolene alimshtaki akitaka atoke, kwa madai kwamba anafuga mbwa kinyume cha mkataba. Mbwa mwenyewe alikuwa wa jirani, alikuwa anakuja tu kulala kwenye kibaraza chao kwa sababu kilikuwa na jua. Ni jambo la kueleza kwa sentensi mbili, na Jolene alikuwa na sentensi zake mbili tayari. Siku hizi kesi za nyumba pale Port Lorne husikilizwa kwa simu, kwa hiyo hakuomba ruhusa kazini. Alingoja mapumziko yake katika kituo cha wazee alikokuwa akifua mashuka, akakaa ndani ya gari kwenye maegesho, Hattie kiti cha nyuma kwa kuwa shule zilifungwa kwa theluji, akapiga namba aliyopewa. Muziki ukapigwa, ukapigwa tena. Kisha karani akaita, "Jolene Dombek?" Jolene akajibu, "Nipo!" Simu ikatoa mlio mmoja, ikanyamaza.

"Nipo!" akapiga kelele. "Nipo hapa! Halo! Mnanisikia? Nipo!"

Hattie aliyasikia yote hayo. Kioo cha gari kilijaa mvuke wa pumzi za mama yake. Alipopiga tena, aliwekewa muziki uleule, na alipotokea mtu hewani alimwambia kesi yake imekwisha. Karatasi iliyomfikia baadaye ilikuwa na maneno machache tu: mdaiwa hakufika, hukumu imempa ushindi mwenye nyumba. Basi Jolene na binti yake wakahamia kwa Rena, katika vyumba viwili juu ya duka la mikate, na vitabu vya sheria vikahamia bafuni, juu ya tangi la maji la choo.

Rena hakuwa mtu wa kuonekana wakili. Alizaliwa hapohapo Port Lorne, ufukoni mwa Ziwa Erie, baba akipakua madini ya chuma melini, mama akikaanga samaki wa Ijumaa za Kwaresima katika ukumbi wa parokia ya Mtakatifu Kasimiri mpaka nywele zikanuka mafuta hadi Pasaka. Alipomaliza shule alikwenda kuajiriwa kwa daktari wa meno, mapokezini, akakaa pale miaka mingi akijibu simu na kuwakumbusha watu miadi yao. Alikuwa na tabia moja ya ajabu: kusoma herufi ndogo. Pakiti ya dawa, tiketi ya bahati nasibu, mkataba wa kukodi gari, yote aliyasoma mpaka mwisho, midomo ikicheza, na foleni nyuma yake ikilalamika. Daktari wake mwenyewe ndiye aliyemtania siku moja, "Rena, ungekuwa wakili, watu wangekulipa kwa ugonjwa huo." Yeye hakuchukulia kuwa ni utani. Alijiandikisha katika chuo cha sheria cha mjini, masomo ya jioni, akiwa na umri ambao wenzake wengi walishaanza kulipia meno ya watoto wao.

Chuoni kulikuwa na jarida la sheria. Hapa pana jambo ambalo watu wa nje hulishangaa: katika nchi ile, majarida makubwa ya sheria yanaendeshwa na wanafunzi. Maprofesa wenye mvi huandika, na vijana ambao bado wanakula tambi za pakiti ndio wanaokubali, wanaokataa, na wanaorekebisha. Kazi kubwa ya vijana hao ni tanbihi, yale maandishi madogo ya chini ya ukurasa. Kila sentensi inayodai kitu lazima iwe na tanbihi, na kila tanbihi lazima mtu aende akione chanzo chake kwa macho yake. Na kila mwanafunzi aliyemo hutakiwa kuandika makala yake mwenyewe kuhusu suala jipya la sheria. Zinaandikwa nyingi, zinachapishwa chache.

Wenzake Rena walichagua mambo mazito. Mmoja aliandika kuhusu mashine zinazojifunza zenyewe, mwingine kuhusu nani anamiliki mwezi. Rena alipomwambia Garrick Stroud, mhariri wa makala za wanafunzi, kwamba yeye ataandika kuhusu neno moja, Garrick alivua miwani akaifuta.

"Neno moja?"

"'Kufika.' Sheria ya jimbo inasema asiyefika mahakamani siku ya kesi anahukumiwa bila kusikilizwa. Haisemi kufika ni nini."

"Mama," Garrick akasema. Alikuwa mdogo kwa Rena karibu miaka kumi na alizoea kumwita hivyo kwa heshima na kwa utundu pamoja. "Wenzako wanaandika kuhusu mashine zinazofikiri."

"Hizo mashine zina pa kulala?"

"Sijui."

"Basi zisubiri. Nikimaliza hii nitaziandikia na zenyewe."

Garrick akacheka, akaandika jina lake ubaoni. Alikuwa kijana mwembamba, mtoto wa mchungaji, mwenye kuiogopa koma iliyokaa vibaya kuliko alivyoogopa mitihani.

Na Rena alikuwa na bahati, au alidhani anayo. Katika kusomasoma alikutana na kesi ya zamani ya jimbo lile, ya zama za farasi na mikokoteni. Mkulima mmoja, Asa Rudd, alishtakiwa juu ya ng'ombe. Siku ya kesi alitoka nyumbani alfajiri, akafika mtoni akakuta daraja limekwenda na maji. Jengo la mahakama lilikuwa ng'ambo, analiona kabisa. Rudd akafanya alichoweza. Alisimama ukingoni akapiga kelele, "Nipo! Asa Rudd nipo!" Watu waliokuwa kwenye ngazi za mahakama walimsikia. Hakimu akamhukumu hivyohivyo, Rudd akakata rufaa. Na katika hukumu ya rufaa, kwa mujibu wa makala zote ambazo Rena alizisoma, mlikuwa na sentensi hii: "Mtu ambaye sauti yake imeifikia mahakama, mwenyewe amefika."

Hebu fikiria. Ukibadilisha mto ukaweka simu iliyokatika, Asa Rudd ni Jolene. Rena aliisoma sentensi ile akiwa kazini, akaibandika kwa utepe ukutani karibu na picha ya jino lililotoboka, na alasiri ile kila mgonjwa aliyepiga simu alijibiwa na mtu mwenye sauti ya harusi.

Nyumbani alimsomea Jolene. Jolene akamwomba arudie, kisha akarudia mwenyewe, taratibu, kana kwamba anaonja.

"Mwenyewe amefika," akasema. "Unasikia, Hattie? Kuna jaji alisema."

Majira yote ya vuli Rena aliijenga makala yake juu ya sentensi ile, tanbihi baada ya tanbihi. Kilichobaki ni kitu kimoja cha kawaida tu. Kanuni ya jarida ilimtaka alete kitabu chenyewe, na kitabu kile cha hukumu za zamani hakikuwa kwenye kompyuta wala katika maktaba ya chuo. Wote waliokwisha kuinukuu sentensi ile walikuwa wameiandika kama ilivyonukuliwa na mwingine, na mwingine naye kama ilivyonukuliwa na wa kabla yake. Rena akaagiza kitabu kutoka maktaba ya jimbo. Kikachelewa. Kilipofika, ilikuwa imebaki wiki moja tu kabla ya kukabidhi makala.

Alikifungua mezani mwa maktaba, mchana, koti bado liko mwilini. Akaipata kesi ya Rudd, akaipata sentensi, neno kwa neno. Akatabasamu. Kisha, kwa ugonjwa wake uleule, akarudi nyuma kusoma kuanzia herufi ya kwanza.

Majaji walikuwa watatu. Wawili walisema Rudd hakufika. Mto si kosa la mahakama, waliandika; mwenye kesi na aamke mapema zaidi. Jaji wa tatu hakukubaliana na wenzake, akaandika maoni yake peke yake, mwishoni. Ni huyo aliyesema mtu ambaye sauti yake imeifikia mahakama, mwenyewe amefika. Maneno yale matamu yalikuwa ya aliyeshindwa. Zamani sana, mtu mmoja aliyanukuu akasahau kutaja hilo, na tangu hapo kila mtu alimwamini aliyemtangulia.

Rena alivua koti. Akasoma tena. Haikubadilika.

Alimkuta Garrick katika chumba cha jarida, akipigana na tanbihi ya mtu. Akamwekea kitabu mbele yake, akamwonyesha kwa kidole pale maoni ya majaji wawili yanapoishia na ya mmoja yanapoanzia. Garrick alisoma. Akapiga mluzi mdogo.

"Na makala ngapi zimekosea hivi?"

"Zote nilizoziona. Tatu ni za jarida letu hili."

"Usiseme hivyo."

"Nimesema."

Garrick akacheza na kalamu. Halafu, kwa sauti ya mtu anayetafuta namna ya kumsaidia mwenzake, akasema, "Sikiliza, mama. Iko njia. Sasa hivi mbele ya hiyo kesi umeandika 'Tazama.' 'Tazama' inamaanisha kesi inasema wazi unachosema wewe. Hiyo huwezi tena. Lakini ukiandika 'Linganisha'..."

"'Linganisha' maana yake nini hapo?"

"Maana yake, kuna kitu kinachofananafanana, msomaji aende akaone mwenyewe. Nani ataenda? Kitabu kimekaa ghalani. 'Linganisha' ni blanketi, ukijifunika hakuna anayekuona miguu."

"Garrick, wewe ni mtoto wa mchungaji."

"Ndiyo maana najua mablanketi." Kisha akaacha mzaha. "Una wiki moja. Ukiitoa hiyo kesi, makala yako haina uti wa mgongo. Hawataipigia kura. Nakwambia kwa sababu nakupenda."

Rena akafunga kitabu, akakikumbatia kifuani, akaenda zake. Njiani kuelekea kituo cha basi, upepo wa ziwani ukimkata masikio, alijiambia kwamba Garrick hana ubaya, na kwamba neno "Linganisha" si uongo. Alijiambia hivyo mpaka mlangoni kwake. Pale mlangoni ikambidi amwangalie Jolene usoni.

Jolene alikuwa anakunja nguo. Rena akamweleza yote akiwa amesimama.

"Kwa hiyo sikuwepo," Jolene akasema.

"Dada, nimesema kwa sheria ilivyo..."

"Nilikuwa napiga kelele mpaka koo likaniuma, mtoto wangu ni shahidi, halafu mdogo wangu wa damu anakuja kuniambia sikuwepo!"

"Ningetaka vitabu viseme vingine."

"Basi waache waandishi waseme vingine! Si wamesema vingine miaka yote hii? Wewe nani amekutuma ukafungue?"

 Rena akaketi kwenye mkono wa kochi, akachukua soksi akatafuta mwenzake. "Siku moja," akasema, "wakili atasimama mbele ya jaji kumtetea mtu kama wewe, na ataitumia sentensi hiyo. Wakili wa mwenye nyumba atakwenda kukitafuta kitabu. Ataisoma hukumu kwa sauti, mahakama nzima ikisikia, kwamba majaji walisema kinyume. Yule anayetetewa ataondoka amefukuzwa na ameaibishwa. Afadhali nianguke mimi, sasa hivi, kwenye karatasi."

Jolene alikunja shati, akalikunjua, akalikunja upya. Hasira yake ilikuwa inatafuta mahali pa kwenda, na mwisho ikapata.

"Unajua kinachoniuma?" akasema. "Ninyi kule kwenu mtu akikatikiwa na simu mnafanyaje?"

"Kwetu wapi?"

"Kwa daktari wa meno, kwani una kwenu kungapi?"

"Tunampigia tena."

"Asiposhika?"

"Tunapiga tena."

"Kwa jino!" Jolene akampiga na shati begani. "Kwa jino bovu mnampigia mtu mpaka anawachoka. Kwa nyumba, hata mara moja hawapigi!"

Rena aliacha soksi ikaanguka. Alikwenda bafuni, akajifungia, si kulia kama Jolene alivyodhani. Alikwenda kwenye vitabu vyake.

Juma lile daktari wa meno alimpa ruhusa ya kuchukua mapumziko marefu ya mchana. Namba za simu za kesi za nyumba ni za wazi, mtu yeyote anaweza kupiga akasikiliza kimya. Rena alijifungia katika stoo ya kliniki, kati ya maboksi ya miswaki, simu sikioni. Alisikia muziki ule. Alisikia karani akiita majina kwa sauti isiyo na ubaya wowote, sauti ya mtu mwenye kazi nyingi. Jina, kimya, "hakufika." Jina, "Halo? Ndi..." kisha mlio, "hakufika." Jina, sauti ya mtoto akilia karibu na simu, mwanamke akisema "ngojeni, ngojeni kidogo," mlio, "hakufika." Mara moja bwana mmoja alisikika wazi kabisa akisema, "Nawasikia, ninyi mnanisikia?" na hakujibiwa, kwa sababu yeye tu ndiye aliyekuwa anasikia. Alipotoka stoo, mwenzake wa mapokezini alimwuliza kama anaumwa.

"Naumwa, ndiyo," Rena akasema. "Nipe hiyo orodha ya miadi ya kesho niwapigie."

Makala aliyoandika upya haikufanana na ile ya kwanza. Ilianza kwa kusema bila kuzunguka kwamba sheria ya jimbo iko upande wa mahakama, kwamba kesi ya Asa Rudd inasema hakufika, na kwamba wote waliosema vingine wamekosea, wakiwemo waandishi wa jarida hili. Alionyesha kosa lilivyorithishwa, nani alilipokea kwa nani. Mbele ya kila makala iliyokosea aliandika "Lakini tazama," maneno ambayo watu wa jarida huyatumia kusema: huyu hapa anapinga, nimemwona, sijamficha. Kisha ndipo akauliza swali lake. Majaji wale wawili walisema mto si kosa la mahakama. Sawa. Simu je? Nani aliyechagua simu? Na akapendekeza kanuni fupi kuliko tanbihi zake nyingi: karani asiandike mtu hakufika kabla ya kumpigia tena.

Profesa Ida Feldstein, msimamizi wake, mama mzee mwenye kikohozi na mkono wa kalamu nyekundu, aliisoma yote Rena akiwa ameketi mbele yake.

"Katika ukurasa wa nne umemchinja mtoto wako mwenyewe," akasema.

"Ndiyo, Profesa."

"Wengi humficha kabatini."

"Makabati yangu yamejaa nguo za dada, Profesa."

Mzee akakohoa, au alicheka, ilikuwa vigumu kutofautisha. "Wahariri hawataipenda. Umewataja watatu waliowahi kuandika kwao, na mmojawapo sasa hivi anachangia vitabu vya maktaba yetu. Uko tayari watu wakununie?"

"Mimi hukumbusha watu miadi ya kung'oa meno. Nimezoea kununiwa."

"Basi toa hili neno 'dhahiri' mahali pote ulipoliandika. Jambo likiwa dhahiri, halihitaji kuambiwa kuwa ni dhahiri. Nenda."

Kura hupigwa makala zikiwa hazina majina. Lakini nani asiyejua makala ya kufika ni ya nani? Wahariri walijifungia chumbani wakabishana mpaka sauti zikatoka nje ya mlango. Rena hakuwepo, alikuwa darasani, somo la mikataba, hasikii neno. Alipotoka alimkuta Garrick ukumbini ameegemea mashine ya soda, shati limetoka nje ya suruali.

"Mama, nataka ujue mimi nimepiga kura ya kukataa," akasema.

Rena akashusha begi.

"Nilisema kama imekosa uti wa mgongo, imekosa. Nikasema pia hatuwezi kujivua nguo hadharani. Nimeongea vizuri sana, ungenisikia ungenipigia makofi."

"Haya. Asante kwa kuniambia usoni."

"Nimeshindwa."

"Nini?"

"Nimeshindwa kwa kura moja. Imepita. Na kwa kuwa mimi ndiye mhariri, mimi ndiye nitakayehakiki tanbihi zako zote kuanzia kesho." Akanyoosha miwani. "Nimeshakuta koma moja imekaa vibaya, ukurasa wa pili. Usifikiri nitakuachia."

Rena akacheka mpaka akakaa sakafuni.

Ingependeza kusema kwamba makala ilipotoka dunia ilisimama. Ilitoka mwishoni mwa toleo la majira ya kuchipua, na kwa muda mrefu aliyeisoma zaidi alikuwa Jolene, ambaye aliruka tanbihi zote na kusema ina maneno mengi. Hakuna jaji aliyeitaja. Rena alihitimu, akafaulu mtihani wa uwakili mara ya pili, akaajiriwa katika ofisi ya kutetea wapangaji, chumba chenye joto la kupita kiasi juu ya duka la matandiko. Mwaka wa kwanza aliipeleka kanuni yake kwa kamati ya majaji wa kaunti. Wakamshukuru. Mwaka wa pili akaipeleka tena. Wakamwambia makarani wana kazi nyingi. Akaenda kukaa na makarani siku nzima, akala nao mkate wa nyama, akauliza nini hasa kingewaelemea. Wakamwambia kupiga simu hakuwashindi, kinachowashinda ni kutafuta namba katika majalada. Rena akarudi akaongeza sentensi moja: namba ya mdaiwa iandikwe juu kabisa ya jalada. Mwaka wa tatu mmoja wa majaji, aliyekuwa akimkwepa kwenye ngazi, alimsimamisha mwenyewe. "Bi Dombek, ukija tena mwakani na karatasi hiyo nitahama mji."

"Basi ipitishe, Mheshimiwa, tubaki wote."

Ikapitishwa, kwa kaunti ile moja tu, na kwa majaribio. Sasa simu ikikatika, karani hupiga. Asiposhika, hupiga tena. Si wote wanaopona, wala si kila mwenye nyumba ni mwongo, wala si kila mbwa ni wa jirani. Lakini watu wanasema sentensi zao mbili.

Hattie alikuwa na miaka kumi na sita Jumapili moja walipokutana jikoni kwa Rena. Jolene alishapata nyumba yake mwenyewe, yenye kibaraza, lakini Jumapili walikuwa wakirudi kwa Rena kukanda unga. Mikono ya wote watatu ilikuwa myeupe. Jolene alikuwa akisimulia jinsi mwenzake wa kazini alivyopigiwa na karani akiwa kwenye kaunta ya duka, akaitetea nyumba yake mbele ya foleni nzima, na watu wakampigia makofi kati ya maziwa na mayai. Alicheka mpaka akajipaka unga puani. Kisha akaanza kubana kingo za pierogi moja ambayo ilishabanwa.

Hattie akamtazama mama yake, akamgeukia Rena. "Mama mdogo, hukuwahi kunijibu."

Rena hakuuliza jibu la nini. Akapangusa mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja. Jolene hakuinua macho, ila vidole vyake viliacha kubana.

"Kwa sheria ya siku ile, hakuwepo," Rena akasema. "Nilitaka sana nikujibu vingine, Hattie. Ndiyo maana nimechelewa."